Kabla ya Kusambaza, Uliza
Wiki hii, katika kundi letu la WhatsApp la kuchangia matanga ya jirani hapa Keroka, mji ulioweka mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira, rambirambi zilikatizwa na ujumbe wa "mkopo wa papo hapo". Kufikia jioni watu watatu walikuwa wameusambaza, mmoja wao shangazi yangu, mama asiyemtakia mtu mabaya. Nilimpigia simu, si kumkemea, bali kumwelekeza namna ya kuufuta. Ni mbinu ile ile ya "ile pesa tuma kwa hii namba", ila sasa walaghai wanapenya pale tunapolia na kuchangishana. Ujumbe usiojulikana utokako ni mgeni wa usiku: hutaja jina kwanza, ndipo afunguliwe. Usibofye wala usijibu. Mwenye laini ya Safaricom apeleke arafa ya ulaghai kwa 333, kisha amzuie aliyeituma. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, lakini sheria haishiki kidole cha mtu. Anayesambaza asichokithibitisha humfungulia mwizi mlango wa jirani. Tuulizane kwanza, ndugu zangu, hasa penye msiba.