Fumbo Hufumbiwa Nani? Maoni Kuhusu Uhakiki wa Taashira Miongoni Mwetu Wanafunzi

Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Methali hii sisi wanafunzi wa fasihi huipenda mno kwa kuwa hutuhesabu miongoni mwa werevu. Tukipewa shairi au hadithi tunaifumbua: upande mmoja wa ukurasa tunaandika ishara, upande wa pili tunaandika maana yake, kisha tunafunga daftari. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba kazi hiyo, kwa jinsi wengi wetu tunavyoifanya, haijafikia kuitwa uhakiki wa taashira. Tunaeleza fumbo lina maana gani. Hatuulizi limefumbiwa nani, mbele ya nani, wala kwa nini msemaji hakusema waziwazi.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari hapa kisiwani Mombasa, si mbali na nyumbani kwetu Makupa. Hadithi fupi zilizokuwa zikitahiniwa wakati huo ni zile za mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Hadithi iliyoupa mkusanyiko jina lake ni ya Said Ahmed Mohamed. Humo jitu lenye tumbo kubwa linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, linakula chakula chote kilichokuwepo na kuahidi kurudi kesho yake, huku wakubwa wa mji wakiitamani ardhi ya mtaa huo. Nikatunga swali: tumbo la jitu linaashiria nini? Alama mbili. Mwongozo niliokuwa nao ulitaka jibu moja tu, yaani uroho wa wenye nguvu wanaonyakua ardhi ya wanyonge. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akaandika jambo jingine. Aliandika kwamba yeye hakushtushwa na tumbo bali na watu wa mkahawani, maana wao ndio waliopakua. Jitu lilikula kile lilichotiliwa sahanini. Nikampa sufuri, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Soma swali."

Tangu hapo nimesoma nadharia kwa miaka kadhaa. Nimepitia Wamitila, nimepitia Wafula na Njogu, nimejifunza kutofautisha kiashiria na kiashiriwa. Nimeketi pia katika semina ambazo nusu ya muda wake ilipotea tukibishana kama neno sahihi ni ishara, taashira au jazanda, mjadala ambao naamini ungeweza kumalizwa kwa kikombe kimoja cha kahawa tungu. Lakini kilichonionyesha ubaya wa ile sufuri hakikutoka semina. Kilitoka barazani kwa bibi yangu.

Bibi aliishi Makupa katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, vingine vya kupangisha. Watu wa nyumba ya namna hiyo hutumia ua mmoja, choo kimoja na bomba moja la maji, kwa hivyo hawawezi kugombana waziwazi kila siku wakaendelea kuishi pamoja. Asubuhi moja bibi alitoka na leso mpya iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, akaketi barazani kuchambua mchele. Hakusema neno. Mpangaji wa chumba cha pili akapita, akalisoma lile jina la leso, akarudi ndani. Mimi niliyekuwa mtoto nikauliza, "Bibi, hasidi ni nani?" Akanijibu bila ya kuinua uso, "Mjukuu wangu, mimi nimevaa leso tu."

Sasa, ndugu msomaji, maana ya maneno yale haikuwa siri. Kila mpita njia aliyejua kusoma aliielewa, na mwanafunzi yeyote wetu angeipatia alama zake mbili. Lakini jambo lililotendeka pale barazani halimo katika maana hiyo. Limo katika mpango wa watu: aliyesema, ambaye angeweza kudai kwamba nguo ndiyo iliyosema, aliyeambiwa, ambaye lau angeuliza "unanisema mimi?" angekuwa amejitaja mwenyewe, na majirani waliopita, ambao walikuwa mashahidi bila ya kuitwa. Fumbo lilimpa bibi njia ya kukana na likamnyima mpangaji njia ya kujibu. Ukiandika "leso inaashiria husuda" umesema kweli, ila umeacha nje karibu kila kitu.

Mji huu una ushairi uliotungwa kwa mpango huohuo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, alitunga katika zama ambazo Wamazrui wa Mombasa walishindana na Seyyid Said wa Omani, mashindano yaliyokwisha mwaka 1837 kwa Wamazrui kuangushwa. Mengi katika mashairi yake ni maneno yaliyopelekwa kwa mtu, mengine ni majibu ya maneno yaliyoletwa. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye Hichens akayachapisha diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayarudia kwa uchunguzi mpana mwaka 1979. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Sikujua na Taylor hawakukusanya beti peke yake, bali pia maelezo: shairi hili lilihusu nini, lile lilimlenga nani. Ukiyaondoa maelezo hayo, mashairi mengi yanabaki maneno mazuri yasiyo na anwani. Mwalimu Sikujua hakuwahi kuketi darasani kusomea uhakiki kama huu wetu, lakini alijua kwamba fumbo lisilo na anwani limekwisha kupoteza nusu ya maana yake.

Mfano wa karibu zaidi ni Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973. Humo mna shairi la "Mamba," mna "Jipu," mna "Mnazi: Vuta N'kuvute." Wanafunzi wote tunajua majibu: mamba ni utawala dhalimu, jipu ni uovu unaoiva mpaka utumbuke, mnazi ni nchi. Basi, tumemaliza? Mtu anayeandika kwenye karatasi ya chooni ana wasomaji wawili. Mmoja ni askari ambaye huenda akaikamata karatasi hiyo, na huyo anatakiwa aone mamba wa mtoni. Wa pili ni ndugu aliye nje, na huyo anatakiwa amwone mtu. Shairi lazima liwe kamili kwa wote wawili. Mamba wake asipokuwa mamba wa kweli, askari atashuku. Akiwa mamba mtupu, ndugu hatasikia kitu. Mwaka 1974 diwani hiyo ilitunukiwa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye mshairi alifungwa chini ya utawala wake. Sijui mfano bora zaidi wa fumbo kupita mlangoni mbele ya mlinzi.

Nisimame kidogo kwenye mnazi, maana hapo ndipo mwongozo unapotudhulumu zaidi. Shairi hilo ni majibizano ya Alii na Badi wanaozozania mnazi. Darasani tunaruka haraka kutoka kwenye mti hadi kwenye taifa, kana kwamba mshairi angeweza kuchagua mwembe au mparachichi na mambo yakawa yaleyale. Hayangekuwa. Pwani yetu imezoea tangu zamani kumtenga mwenye ardhi na mwenye mti: udongo unaweza kuwa wa huyu, mnazi uliopandwa juu yake ukawa wa yule, na wote wawili wakawa na haki mbele ya wazee. Mazoea hayo yaliingia hata mjini. Katika mitaa kadhaa ya Mombasa, Majengo ikiwemo, kuna kile tukiitacho nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unakilipia kodi. Msomaji anayelijua hilo hasomi tena ugomvi wa watu wawili wenye tamaa. Anasoma swali gumu zaidi: aliyepanda na kutunza ana nini mkononi, ikiwa chini ya mizizi hana kitu? Tena mnazi haupandwi leo ukaliwa kesho. Hungojewa miaka, kisha kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, koroma huwa nazi, na kila hatua ina mtu anayeitaka kwa haja yake. Makuti yataezeka, makumbi yatasokotwa kamba, vifuu vitakokea moto. Mti ambao kila kipande chake kina mdai ndio unaoweza kubeba ugomvi wa nchi nzima. Hili halionekani mpaka kwanza ukubali kwamba mnazi ni mnazi.

Najua nitapingwa. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya aliniambia kwamba ninamrudisha mwandishi kaburini alikokwisha kuzikwa na Roland Barthes mwaka 1967, kwa kuwa nikishaanza kuuliza nani alimwambia nani, nitaishia kusimulia maisha ya watunzi badala ya kuhakiki matini. Hoja hii ina uzito. Jibu langu ni kwamba simtafuti mwandishi ili anipe maana. Natafuta mpango wa wasikilizaji, na mara nyingi mpango huo umo ndani ya matini yenyewe. Tena fumbo zuri hubadilisha anwani. Leso ya bibi ilirithiwa na shangazi, naye akaivaa kwa hasidi wake mwingine kabisa. "Mamba" anasomwa leo na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1969, nao wana mamba wao. Msomaji ana uhuru, lakini anadaiwa kuonyesha huyo mamba wake anaingiaje katika maneno yaliyoandikwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na limenisumbua. Si kila taashira ni maficho. Said Ahmed Mohamed hakuandika "Tumbo Lisiloshiba" akiwa kifungoni, na jitu lake halimfichi mtu. Mtoto wa darasa la saba angelitambua. Ikiwa hakuna askari wa kudanganywa, taashira ina kazi gani? Kwa muda mrefu nililijibu swali hili kama miongozo inavyolijibu, kwamba taashira hupamba kazi na kuifanya ivutie. Siliamini tena jibu hilo. Nadhani pale ambapo fumbo halimfichi mnyonyaji, huenda linamtafuta msomaji. Lau mwandishi angesema tu kwamba matajiri wananyakua ardhi, tungeitikia sote kwa kichwa na kwenda kulala. Akiliweka jitu mkahawani, analazimika kuwaweka pia wapishi, wahudumu na wateja waliokuwa wakitazama. Nasi tunalazimika kujitafuta miongoni mwao.

Hapo ndipo yule msichana alipokuwa amefika katika kidato cha tatu, nami sikuwa nimefika. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao ni nyumba bila ardhi. Sidai kwamba mtu lazima akae katika nyumba kama hiyo ndipo aielewe hadithi. Lingekuwa dai la kipuuzi, na lingemfukuza nusu ya darasa. Nasema tu kwamba alisoma hadithi kama mtu aliyeambiwa jambo, ilhali mimi niliisoma kama mtu anayejaza fomu.

Kuna ugumu wa kazi ambao sitaki kuuficha. Mwalimu mwenye karatasi sitini za kusahihisha usiku mmoja anahitaji mwongozo, na mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu anahitaji kujua atakachoulizwa. Siwalaumu. Lakini sisi wa vyuo vikuu hatuna udhuru huo, na bado tunaandika tasnifu zenye sura nzima ya "ishara na maana zake" ambayo ingeweza kuchapwa kama jedwali. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa na tuta la zamani kuondolewa ili maji ya bahari yapite tena, mwanachama mmoja wa chama chetu alinitania kwamba sasa tumepata taashira ya umoja wa kisiwa na bara. Nikamwuliza: umoja kwa nani? Kwa dereva wa lori atokaye bandarini, au kwa mvuvi ambaye maji yake yalizibwa na lile tuta? Alicheka, ila nilikuwa nauliza kwa dhati.

Karatasi ya msichana yule niliirudisha na sufuri yake, na mazoezi yangu yakaisha kabla sijajua la kumwambia. Lau ningeisahihisha leo ningempa alama zake, kisha pembeni ningeandika swali moja: hao waliopakua, walikuwa na hiari gani? Maana jibu lake lilikuwa na kasoro hiyo. Hakusema kama waliopakua walifanya hivyo kwa woga, kwa biashara au kwa mazoea, na hadithi inahitaji hilo lisemwe. Mimi sikumpa nafasi ya kulisema.