Uongo wa Sukari Iliyochacha

Sharubati ya Kikorea iitwayo cheong haina ugumu. Unapima kilo moja ya matunda na kilo moja ya sukari, unayapanga tabaka kwa tabaka kwenye chupa ya mdomo mpana, unafunika, unasubiri. Wakorea hupenda maesil, tunda bichi la jamaa ya plamu, na mazoea yao ni siku 100. Aliyeko Karatu ana pasheni, limau na nanasi. Na chupa hiyo sina ugomvi. Nina ugomvi na maneno yanayotembea nayo: eti katika siku hizo sukari inaliwa yote na vijidudu, kinachobaki ni dawa, na hata mwenye kisukari anaweza kujimiminia. Ni uongo, na unaweza kumlaza mtu hospitali.

Ulitukuta tuko tayari kuupokea, kwa kuwa miaka yote tumekuwa tukiambiana hivyohivyo kuhusu asali.

Wazee wa Kimasai wa Ngorongoro wanajua sukari huenda wapi inapochacha. Wakitengeneza pombe ya asali huizimua kwa maji, hutia mizizi ya mshubiri au tunda la mwegea, kisha huacha chombo penye joto karibu na moto. Kazi yote imo kwenye yale maji. Asali tupu hukaa miaka bila kuchacha kwa sababu sukari yake nyingi huwanyima vijidudu maji ya kuishi. Ikizimuliwa, hamira ya asili huamka, hula sukari, hutoa pombe na gesi. Utamu hupungua na ulevi huingia. Aliyekunywa haulizi sukari imekwenda wapi.

Sasa tazama cheong. Sukari inavuta maji kutoka kwenye tunda mpaka inakuwa sharubati nzito, nzito kiasi cha kuibana hamira. Mapovu mnayoyashangilia ni uchachu kidogo tu, mara nyingi kwa sababu sukari imetuama chini na haikukorogwa. Badiliko kubwa ni jingine: tindikali ya tunda huipasua sukari ya dukani kuwa glukosi na fruktosi, kama nyuki wanavyoyafanyia maji matamu ya maua. Na glukosi ndiyo hiyohiyo inayosomwa kwenye kipimo mgonjwa anapotobolewa kidole!

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaiweka sukari ya asali, ya sharubati na ya juisi kapu moja na ile tunayotia kwenye chai. Zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Vijiko vitatu vikubwa vya cheong kwenye glasi ya maji vinabeba zaidi ya nusu ya kiasi hicho.

Najua nitajibiwa kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi: mbona wanakula asali nyingi na ni wazima? Watafiti waliowapima walichapisha mwaka 2012 kwamba mwanamume wa Kihadzabe hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku. Asali yake ameipandia mti na kuipasulia gogo kwa shoka. Anayeshinda ameketi dukani mjini Karatu hawezi kujikinga kwa miguu ya mwenzake.

Itengenezeni, hasa pasheni zinaposhuka bei sokoni na nyingine kuishia jalalani. Korogeni mpaka sukari yote iyeyuke, msikaze kifuniko siku za mwanzo, na kijiko kimoja kitoshe kwa glasi. Wanaouza waandike kwenye chupa sukari iliyoingia ni kiasi gani. Na anayemshauri mgonjwa aache vidonge kwa ajili ya kinywaji hicho aulizwe mbele ya watu: kama sukari imekwisha, mbona chupa yako bado ni tamu na haileweshi?