Anayekanyaga Pedali Ndiye Anayetukanwa



Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, maneno ya baiskeli yamejaa mashambani na viwandani. Ni jambo la kufurahisha. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kuletwa Afrika, na sisi tunaotumia baiskeli kubebea ndizi, mkaa na hata wagonjwa tuliona chombo chetu kikipewa heshima yake. Lakini katika maneno hayo liko moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno wakati wa chakula cha mchana: "Wale wote wanapigwa sindano. Hakuna binadamu mwenye nguvu zile." Mtu akisema hivyo wengine hucheka, kisha kengele inalia na kila mmoja anarudi kwenye mashine yake.

Mimi ningependa tulizungumze jambo hili kama watu wa chama wanavyozungumza mambo ya kazi, kwa sababu mpanda baiskeli wa kulipwa ni mfanyakazi. Ana mkataba, na mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili tu. Ana tajiri, ambaye ni kampuni ya saa, au ya bahati nasibu, au ya simu, inayoandika jina lake kifuani mwa jezi. Ana msimamizi anayemfuata nyuma kwa gari na kumpa amri. Ana daktari anayelipwa na timu. Yeye mwenyewe mali yake ni miguu na jina. Miguu ikichoka hupumzishwa, lakini jina likichafuka hakuna dawa ya kulisafisha.

Kazi yenyewe tuitazame tangu zamani. Mwaka 1924 mbio za kuizunguka Ufaransa, ziitwazo Tour de France, zilikuwa na kilomita 5,425 zilizogawanywa katika vipande 15. Kipande kimoja, kutoka Cherbourg hadi Brest, kilikuwa na kilomita 405, na kila kipande ni cha kumaliza siku hiyo hiyo. Siku ile Henri Pélissier, aliyeshinda mwaka uliotangulia, aliacha mbio katika mji wa Coutances pamoja na ndugu yake Francis na mwenzao Maurice Ville. Ugomvi ulikuwa juu ya jezi. Sheria ilimkataza mtu kuvua na kutupa nguo aliyoanza nayo alfajiri kwenye baridi, hata jua likishapanda. Wakakaa mkahawani na kumwonyesha mwandishi wa gazeti, Albert Londres, vitu walivyobeba mifukoni: kokeini ya macho, klorofomu ya fizi, na vidonge. Baadaye Francis alisema walimtilia mwandishi chumvi. Huenda. Lakini kilomita 405 hakuna aliyezitilia chumvi.

Basi dawa ziliingia katika kazi ile kama pombe inavyoingia katika kazi ya usiku. Mtu amepewa kipimo kisichowezekana, anatafuta cha kumsukuma. Ninyi mnaochuma chai mnajua habari ya kipimo. Mchumaji mmoja akileta kilo nyingi kuliko mwili unavyoweza, kwa njia yoyote ile, mnyapara hamwulizi amewezaje. Humtaja mbele ya wenzake kwenye mizani, na mwezi ujao kipimo cha wote kinapandishwa. Ndiyo sababu sitamtetea anayetumia dawa. Anamnyang'anya mwenzake mkate. Yule aliyemaliza wa 30 bila kutumia kitu, ambaye pengine angemaliza wa 8, amekosa mkataba wa mwaka unaofuata, na jina lake hatulijui wala hatutalijua.

Hapa niseme neno ambalo baadhi ya viongozi wenzangu hawatalipenda. Mwezi Juni 1966, baada ya Ufaransa kutunga sheria ya kupiga marufuku dawa hizo, madaktari walikwenda kuwapima wapanda baiskeli katika hoteli zao mjini Bordeaux. Kesho yake msafara wote uliteremka kwenye baiskeli na kutembea kwa miguu kuonyesha hasira. Ulikuwa mgomo. Na kwa upande wa heshima walikuwa na haki: mfanyakazi haingiliwi chumbani kama mwizi. Lakini walidai nini? Walidai waachwe. Hawakudai njia ipunguzwe, wala wapate daktari asiye wa tajiri. Mgomo wa kutetea sumu inayokuua ni mgomo uliopotea njia, hata kama watu wote wameungana.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Julai 1967, Tom Simpson alikufa akipanda mlima Ventoux kusini mwa Ufaransa. Mwingereza huyu alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, naye alikuwa na miaka 29. Joto lilikuwa kali, siku zile alikuwa anaumwa tumbo, na mwilini na mfukoni mwake zilikutwa dawa aina ya amfetamini, zile zinazomzuia mtu asisikie uchovu. Mwili ulisema simama, yeye hakusikia. Watu wamemwita shujaa na wamemwita mdanganyifu. Mimi kila nikisoma habari zake nakumbuka vibarua wa kupiga dawa za wadudu shambani, ambao huambiwa kwamba kichwa kikiuma wanywe maziwa na kuendelea.

Sasa tuje kwenye jambo la Festina, kwa maana hapo ndipo mtu wa chama anapaswa kusoma polepole. Festina ni kampuni ya saa iliyokuwa na timu yake. Tarehe 8 Julai 1998 gari la timu hiyo lilisimamishwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa, limejaa mamia ya chupa za dawa. Nyingi zilikuwa EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu ili mtu asiishiwe pumzi. Aliyekuwa kwenye usukani aliitwa Willy Voet, mkandaji. Kazi yake ilikuwa kukanda misuli ya wapanda baiskeli, kujaza chupa za maji na kubeba mizigo. Yeye ndiye aliyewekwa rumande kwanza. Baadaye ilijulikana kwamba dawa zilikuwa mpango wa timu nzima, wakiwamo mkurugenzi na daktari, na kwamba gharama zake zilitoka katika mfuko wa siri uliokatwa kwenye zawadi za wapanda baiskeli wenyewe.

Rudia kusoma hapo, ndugu. Mfanyakazi alikatwa fedha yake kununuliwa sumu yake. Sisi tuliwahi kukatwa mabuti na panga kwenye mshahara, lakini hilo halijatupata.

Kesi ilisikilizwa Lille mwaka 2000. Mkurugenzi na mkandaji walipewa vifungo vya nje. Richard Virenque, mkubwa wa timu, aliyekuwa amekana kwa zaidi ya miaka miwili, alikiri mbele ya hakimu. Mahakama haikumtia hatiani, lakini wakuu wa mchezo walimfungia. Kampuni bado inauza saa.

Katika timu ile alikuwako kijana aitwaye Christophe Bassons. Wenzake walipohojiwa na polisi walisema wazi kwamba Bassons yeye hakutumia. Ushahidi wa namna hiyo ni mkubwa kuliko kipimo chochote cha maabara, maana umetoka kwa watu waliolala naye chumba kimoja. Ungedhani angebebwa juu mabegani. Mwaka 1999, akiwa timu nyingine, aliandika gazetini kwamba mbio za mwaka ule nazo zilikuwa na mashaka. Msafara ukamtenga. Hakuna wa kuzungumza naye, hakuna wa kumpa nafasi. Njiani kwenda Alpe d'Huez, Lance Armstrong wa Marekani, aliyekuwa akiongoza, alimsogelea na kumwambia aende zake nyumbani. Siku chache baadaye Bassons alijitoa, na mwaka 2001 aliacha kabisa kazi ya baiskeli.

Ninyi mlio viwandani mnamjua Bassons, ingawa huko kwenu ana jina jingine. Ni yule aliyesema mbele ya mkaguzi kwamba mashine haina kinga, na wenzake wakamnunia kwa kuogopa posho ya ziada isikatwe.

Katika mbio zile zile za 1999 Armstrong alikutwa na dawa ya kotizoni, ikaletwa karatasi ya daktari kwamba ilikuwa mafuta ya kutibu kidonda cha kukalia tandiko. Mkandaji wa timu yake, mwanamke wa Ireland aitwaye Emma O'Reilly, baadaye alieleza kwamba karatasi ile iliandikwa tarehe ya nyuma. Alilisema hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 2004. Armstrong alimfungulia mashtaka na kumchafulia jina hadharani. Mwaka huo huo wa 2004 Mtaliano Filippo Simeoni, aliyekuwa ametoa ushahidi juu ya daktari wa Armstrong, alijaribu kutoka mbele ya msafara. Armstrong mwenyewe, akiwa na jezi ya njano, alimfukuza barabarani mpaka Simeoni akarudi nyuma. Ilichukua hadi 2012 ndipo Armstrong aliponyang'anywa ushindi wake wote saba, wa 1999 hadi 2005, na Januari 2013 alikiri kwenye televisheni. Miaka yote ile alikuwa akijitetea kwa kusema amepimwa mara nyingi na hakukutwa na kitu.

Kwa hiyo atakayeniambia kwamba kumshuku mtu ni dhambi, nitamkatalia. Waliomshuku Armstrong walikuwa sahihi. Lakini tazama walisimama juu ya nini: juu ya neno la mkandaji, neno la mwenzake wa msafarani, karatasi yenye tarehe ya uongo. Walioijua kazi kutoka ndani ndio waliosema.

Sasa mtazame Chris Froome. Huyu ni Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na alijifunza kuendesha kwa bidii pamoja na kundi la David Kinjah wa Kenya. Mwaka 2015, akiwa mbele katika Tour de France, mtu mmoja kando ya barabara alimmwagia mkojo huku akimwita mtumia dawa. Mtu yule alikuwa na ushahidi gani? Hasira ya Armstrong tu. Mwaka 2017 Froome alikutwa na dawa ya pumu, inayoruhusiwa kwa kiasi fulani, ikiwa karibu mara mbili ya kiasi hicho. Habari ilivujishwa magazetini mwezi Desemba kabla shauri halijaamuliwa. Tarehe 2 Julai 2018 wakuu wa mchezo walilifunga bila kumtia hatiani. Sina haja ya kumfanya malaika. Swali kuhusu kipimo kile lilikuwa la haki. Ila shauri la kazi husikilizwa kwanza ndipo hutangazwa, na hapo lilitangazwa kwanza.

Niliwahi kusimamia shauri la mpakizi mmoja katika kiwanda nisichokitaja. Magunia yalipungua ghalani, na mlinzi wa lango akasema alimwona "akitazama tazama". Alipekuliwa mara tatu, hakukutwa na kitu, na hakuna aliyemshtaki. Mwisho ilionekana kosa lilikuwa la hesabu za ofisini. Lakini alikwisha kuitwa mwizi na watoto wa kambi nzima, na msimu uliofuata hakuandikwa kazi. Karani wa hesabu alihamishiwa idara nyingine.

Shaka ya jumla, ile ya kusema "wote wanapigwa sindano", inamfaa nani? Inamfaa anayetumia kwelikweli, maana anajificha katikati ya wote. Inamfaa tajiri, maana hakuna anayemwuliza aliyepanga mwendo na aliyemlipa daktari. Anayeumia ni Bassons. Ukimwambia mtu msafi kwamba ni mchafu kama wengine, umempa sababu gani ya kukaa msafi?

Vipimo vya leo ni bora kuliko vya zamani. Tangu 2008 wapanda baiskeli wana kitabu cha damu, ambamo mabadiliko ya mwili wa kila mmoja hufuatwa mwaka hadi mwaka, na sampuli zinaweza kutunzwa hadi miaka 10 na kupimwa upya. Mtu anapaswa kusema kila siku atakapolala, ili wapimaji wamkute. Kazi gani nyingine humtaka mfanyakazi hivyo? Wakubali, nami nakubali, kwa sababu ya yule wa 30. Lakini wakurugenzi na madaktari wa timu nao waandikwe mahali, na aliyekutwa katika timu iliyoharibika asipewe timu nyingine mwaka unaofuata kana kwamba hakuna kitu.

Tadej Pogačar, Mslovenia aliyeshinda Kigali, hajawahi kukutwa na kosa la dawa. Watu wanamshuku kwa sababu anashinda sana. Siku mkandaji wake, au fundi wake, au mwenzake akisema neno, nitalisikiliza kwa masikio mawili. Mpaka hapo nitasema alishinda.

Wapanda baiskeli wana chama chao tangu 1999, kiitwacho CPA, nacho hukaa mezani na wakuu wa mchezo kuzungumza mikataba. Kama ningekuwa mjumbe wao ningeanza na kifungu kimoja, kile tunachokipigania sisi katika mikataba yetu ya hali bora: atakayetoa habari ya hatari kazini, awe mkanyaga pedali au mkandaji, mkataba wake hauguswi kwa miaka miwili, na gharama za wakili wake zinalipwa na mfuko wa chama.