Unga wa Makopo na Nguvu za Mwanamichezo

Katika miji mingi ya nchi hii umezuka mtindo wa wafanyakazi na vijana kubeba chupa za plastiki zenye unga wa protini uliokorogwa kwa maji au maziwa, wakiamini kwamba kinywaji hicho kitawaondolea kitambi na papo hapo kuwajengea misuli. Morogoro haikuachwa nyuma. Ardhi ya Mzinga, inayoanza kupanda taratibu kuelekea milima ya Uluguru, ni mahali panapofaa sana kwa mbio za alfajiri, na ni jambo la kusifiwa kuona askari, wanafunzi, walimu na makarani wakiamka mapema kuutunza mwili. Linalostahili kujadiliwa ni kile kinachofuata baada ya jasho kukauka. Mtumishi anayechota sehemu kubwa ya mshahara wake kununua kopo la unga kutoka ng'ambo anapaswa kujua ananunua nini hasa, na kama hicho anachokinunua hakipo tayari jikoni kwake.

Sehemu kubwa ya unga huo hutokana na maziwa. Maziwa yanapogandishwa ili kutengeneza jibini, hubaki maji mepesi yenye rangi ya manjano. Kwa muda mrefu viwanda vya jibini vya Ulaya na Marekani viliyaona maji hayo kuwa ni adha. Mengine yalimwagwa na mengine wakapewa nguruwe. Baadaye ikagunduliwa njia ya kuyachuja na kuyakausha, na kilichokuwa takataka kikawa bidhaa ya thamani kubwa. Kusema hivyo si kuudharau unga wenyewe. Protini yake ni nzuri, huyeyushwa tumboni kwa haraka, na kijiko kimoja cha gramu 30 aghalabu hutoa protini ya gramu 20 hadi 25. Walakini si dawa, wala haina siri yoyote isiyokuwamo katika maziwa.

Hesabu ni rahisi, na mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina protini ya gramu 8 hivi, na yai moja lina gramu 6. Basi mayai mawili na kikombe cha maziwa ni gramu 20, yaani kijiko cha unga wa kopo. Sahani ya maharage yaliyopikwa yenye uzito wa gramu 250 hutoa kama gramu 22. Dagaa wakavu, ambao wapo watu wanaowaonea haya mbele ya wageni, wanawazidi wote: gramu 40 tu za dagaa zina protini inayokaribia gramu 24.

Mtu mzima asiye mwanamichezo huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanamichezo huhitaji zaidi. Vyama vya wataalamu wa lishe na michezo vya Marekani na Kanada vilitamka mwaka 2016 kwamba apate kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo. Mwaka 2018 watafiti waliunganisha majaribio 49 yaliyohusu watu 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya kuinua vitu vizito, wakaona kwamba ukishavuka kiasi cha gramu 1.6 kwa kilo, misuli haiongezeki tena kwa kuongeza protini. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. Uji wenye kikombe cha maziwa na mayai mawili asubuhi. Ugali wa robo kilo ya unga na sahani ya maharage mchana. Kikombe cha maziwa na karanga za gramu 50 jioni. Wali na dagaa usiku: jumla yake ni gramu 113 hivi, na kopo halijafunguliwa.

Wapo watakaosema kwamba protini ya maharage ni hafifu kuliko ya maziwa. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Protini hujengwa kwa viungo vidogo vidogo, na baadhi yake mwili hauwezi kuvitengeneza wenyewe. Nafaka zina upungufu wa kiungo kiitwacho laisini, ambacho kunde zinacho kwa wingi; kunde nazo zina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake. Wazee waliopika mchele na choroko katika chungu kimoja wakauita mseto hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea. Wakazi wa Morogoro wenye umri mkubwa, wakisikia neno hilo, hukumbuka pia timu ya Mseto iliyouleta ubingwa wa soka wa nchi katika mji wao mwaka 1975.

Sasa lije suala la kupunguza uzito, ambalo ndilo linalowavuta watumishi wengi wa ofisini. Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake watatu kati ya kila kumi walikuwa na uzito uliopita kiasi, huku watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Nchi moja ina maradhi ya kushiba na maradhi ya kukosa chakula bora kwa wakati mmoja. Ni haki kwa hiyo mtumishi kuuhofia uzito wake. Tatizo ni kwamba wengi huongeza kinywaji juu ya mlo badala ya kuupunguza mlo. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kama kilokalori 350. Akirudi nyumbani akakoroga kijiko cha unga chenye kilokalori 120 katika nusu lita ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, ambayo yana kilokalori 300 au zaidi, amekwisha kunywa kuliko alivyochoma, na chai na chapati bado vinamngoja mezani. Baada ya miezi mitatu huyo hulalamika kwamba mazoezi hayamfai.

Ukweli wa sayansi ni kwamba protini humsaidia anayepunguza uzito kwa namna mbili. Kwanza humshibisha kwa muda mrefu kuliko wanga, na pili huikinga misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Katika jaribio moja la Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, lililotangazwa mwaka 2016, vijana wanaume walipunguziwa nishati ya chakula kwa asilimia 40 na kufanyishwa mazoezi makali kwa majuma manne. Waliopewa protini ya gramu 2.4 kwa kilo walipoteza mafuta kilo 4.8, na wenzao waliopewa nusu ya kiasi hicho walipoteza kilo 3.5. Tofauti hiyo si ndogo. Isitoshe, vijana hao walipewa vinywaji vya protini, na mtetezi wa makopo ana haki ya kulisema hilo. Lakini asisahau kulisema na lile jingine: makundi yote mawili yalinyimwa asilimia 40 ya chakula na yalisimamiwa kila siku. Punguzo la chakula ndilo lililowakondesha. Protini ililinda misuli yao. Anayetaka matokeo ya namna hiyo hapa Morogoro ataanza kwa kukata nusu ya ugali na sukari ya chai, abakize maharage, mboga za Uluguru na samaki.

Kuhusu kurudisha nguvu baada ya mazoezi, ipo imani kwamba usipokunywa protini ndani ya nusu saa kazi yote imepotea bure. Imani hiyo imewatajirisha wauzaji. Misuli iliyochoshwa huendelea kujijenga kwa saa 24 na hata zaidi, na kinachoamua ni jumla ya siku nzima. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu jambo la kwanza kurudishwa ni maji na wanga uliotumika, tena kwa usingizi wa kutosha. Mwaka 2004 mtaalamu wa Kenya, Vincent Onywera, pamoja na wenzake walitoa matokeo ya kuwachunguza wakimbiaji 10 hodari wa Kikalenjini waliokuwa kambini. Walikula ugali, wali, mboga, maharage, maziwa na chai yenye sukari nyingi. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka katika wanga, na protini yao ilikuwa gramu 1.3 tu kwa kilo. Unga wa makopo haukuwamo.

Huenda mtu akamtaja Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, au Juma Ikangaa aliyeshinda mbio za New York mwaka 1989, akasema kwamba hao hawakuhitaji vibuyu vya kigeni. Hoja hiyo inapendeza kuisikia, ila si ushahidi. Zama zimebadilika na washindani nao wamebadilika. Sajenti Alphonce Simbu wa JWTZ alipoutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde baada ya kilomita 42. Mwanamichezo wa daraja hilo anahitaji kila msaada halali wa lishe, na akiwa safarini, mahali asipoweza kupata chakula alichokizoea, kijiko cha unga chaweza kumfaa. Vivyo hivyo mzee anayepoteza misuli au mgonjwa asiyeweza kutafuna huweza kuandikiwa na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo, kinyume chake, hapaswi kuongeza protini bila kumwona daktari.

Lakini ni mwanamichezo huyo huyo wa daraja la juu ambaye kopo linaweza kumwangamiza. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Virutubisho 94, ambavyo ni karibu 15 katika kila 100, vilikutwa na viasili vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye kibandiko. Kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni hazijali nia: kilichokutwa mwilini ni jukumu la mwenye mwili. Kijana wa UMISSETA anayeuziwa unga na rafiki yake, usio na jina la kiwanda wala alama ya TBS, hajui kama amenunua maziwa au balaa. Walimu wa michezo wanaofumbia macho biashara hiyo, na wapo wanaoishiriki, wanacheza na maisha ya watoto waliokabidhiwa.

Si haki pia kuvipamba vyakula vya nyumbani kana kwamba havina dosari. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizoota ukungu nazo hubeba sumu hiyo hiyo, na hakuna jiko linaloweza kuiondoa kwa kuchemsha. Anayewashauri wananchi waache kopo warudi kwenye karanga awaambie pia wazikaushe vizuri na wazitupe zilizosinyaa na kubadilika rangi, hata kama inauma.

Mkoa wa Morogoro una njia ya kulishughulikia jambo hili bila kungoja meli. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa sayansi ya chakula, na ni chuo hicho kilichopeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway katika miaka ya 1980. Mbuzi hao wakazoea baridi ya Uluguru na kuwa mali ya wakulima. Maharage, mayai na mboga huteremshwa kutoka milimani na kuuzwa katika masoko ya mji. Kamati za michezo za wizara na halmashauri, zinapopanga kambi za SHIMIWI na SHIMISEMITA, zinaweza kumwomba ofisa lishe wa wilaya aandike orodha ya chakula cha kila siku kwa gramu na kwa shilingi, na fedha za kambi zikatumika kununua vilivyomo katika orodha hiyo. Mvuta kamba atakayekula hivyo kwa majuma matatu atajua mwenyewe kama bado anaihitaji ile chupa.

Jambo jingine lipo mikononi mwa wakaguzi. Makopo mengi yanayouzwa yana maelezo ya Kiingereza peke yake, tena kwa herufi ndogo mno, na mengine yana lugha ambayo hata muuzaji haijui. Mnunuzi wa Mzinga ana haki ya kusoma kwa Kiswahili ni gramu ngapi za protini, sukari na mafuta anazopewa kwa fedha zake, nani aliyeuingiza unga huo nchini, na tarehe ya mwisho ya kuutumia.