Kabla ya Kuzikana

Katika miji yetu ya pwani, na siku hizi hata bara, ni nadra kuukuta mtaa usio na chama cha kufa na kuzikana, chenye katibu wake, mshika fedha wake, daftari lake la majina na michango, na masharti yake yanayoeleza bayana kwamba mwanachama akifiwa atapewa sanda, turubai, viti, mchele wa kiasi kadha na watu wa kuchimba kaburi. Na ingawa wapo wanaovicheka vyama hivi kwa ugomvi wao usiokwisha juu ya masufuria yaliyopotea, mimi si mmoja wao, kwa kuwa sijaona bado serikali wala kampuni iliyoweza kumkusanyia maskini watu mia mbili mlangoni pake kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, kulitayarisha toleo hili, ambalo tumeliweka mahsusi kwa habari za wagonjwa wasiotarajiwa kupona na za wale wanaowahudumia, kumenifanya nilisome upya jina la chama chetu, nikang'amua jambo lililonipita kwa miaka mingi: tumeahidiana kufa na kuzikana, lakini katika masharti yetu yote, tangu la kwanza hata la mwisho, hamna herufi moja inayohusu kuuguzana.

Jirani yetu mmoja, fundi cherahani, nyumba ya nne kutoka kwangu, aliugua saratani ya tezi iliyokuwa imekwisha kuingia mifupani, akalala miezi saba. Nilikwenda kumtazama mara mbili. Mara ya pili nilimkuta mkewe amekaa juu ya kigoda kando ya kitanda, kisigino cha mumewe amekiinua kwa kanga iliyokunjwa mara nne ili kisiguse godoro, na mkononi ameshika chupa ya dawa ya maji akiielekeza kwenye mwanga wa dirisha apate kuona iliyobaki, kwa maana ubavuni mwa chupa alikuwa amechora mistari kwa wino, mstari mmoja kwa kila siku. Akanieleza, taratibu kama mtu asomaye hesabu ya duka, kwamba dawa hiyo humpa saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku maradufu ili apate kulala hadi asubuhi. Mara tano, alisema, kama sala, ila nyakati hazilandani. Nikampa pole, nikamtia na noti mkononi, nikaenda zangu. Siku alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika, na mchango wangu ulisomwa hadharani.

Chupa ile ina nasaba yake. Ilikuwa mwaka 1967 ambapo Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea utabibu, alifungua huko London nyumba ya St Christopher's, akafundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake bali ni ya moyo pia, na ya jamaa zake, na ya roho, na kwamba dawa ya kuyatuliza hutolewa kwa saa zake maalumu, wala haingojewi mpaka mgonjwa apige ukelele. Elimu hiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki mwaka 1990 ilipoanzishwa Nairobi Hospice. Na tabibu Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyehudumu humo mwanzoni, akavuka mpaka mwaka 1993, akaanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na watumishi wachache na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Huko Kampala mofini ya unga ilichanganywa na maji, ikatiwa rangi ili iliyo kali isije ikadhaniwa hafifu, ikawa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake bila ya sindano. Na kwa kuwa matabibu walikuwa haba na vijiji ni vingi, mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika dawa kwa mkono wao wenyewe, jambo ambalo mataifa tajiri mengi hayakuwa yamethubutu kulifanya.

Kwetu Tanzania kazi hii imepewa jina la tiba shufaa, na neno shufaa, ambalo wazee wetu walilijua kwa maana ya maombezi, yaani mtu kumsimamia mwenziwe mahali asipoweza kujisimamia, naliona limekaa vizuri kuliko lile la Kiingereza. Lakini jina zuri halinunui petroli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika watu karibu milioni 57 wanaohitaji huduma hii kila mwaka, ni kiasi cha asilimia 14 tu wanaoipata. Na pale inapopatikana katika nchi zetu, aghalabu huwa juu ya mgongo wa jumuiya ndogo ya hisani, yenye wauguzi wawili watatu na gari moja bovu, inayoishi kwa barua za kuomba msaada ng'ambo. Mfadhili wa ng'ambo ana haki ya kubadili nia yake. Mgonjwa wa saratani hana muhula wa kungoja nia nyingine ipatikane.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji watazame Malabari, pwani ambayo msaji wake uliunda majahazi yaliyoleta bidhaa na watu hapa kwetu. Katika jimbo la Kerala, hasa wilaya ya Malappuram yenye Waislamu wengi, tangu mwaka 1999 watu wa mitaa wamejifunga wenyewe kuwauguza wagonjwa wao: wanafunzi, wachuuzi na wakulima hufunzwa kwa saa chache namna ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kidonda na kumsikiliza, kisha kila mmoja hutoa saa mbili kwa juma, na gharama hulipwa kwa sarafu ndogo ndogo za watu wengi. Tabibu na muuguzi wapo, ila wanafuata mahali ambapo jirani amekwisha kutangulia. Nami nasadiki kwamba sisi, wenye daftari na mshika fedha tayari, tumekwisha kuvuka nusu ya safari hiyo pasipo kujua.

Wapo watakaosema kwamba kumchangia mtu angali hai ni kumtabiria kifo. Nami huwauliza iwapo kununua sanda za akiba na kuziweka kabatini kwa katibu, kama chama chetu kilivyofanya, si utabiri mkubwa zaidi. Wengine huiogopa mofini kwa kuidhania ulevi, na hao wanastahili kujibiwa kwa upole na mtu wa dawa. Na wasemao kwamba kazi hii ni ya serikali wamesema kweli, na waendelee kuidai. Lakini kumpangusa mtu jasho saa tisa ya usiku hakujapata kuwa kazi ya serikali yoyote.

Katika mkutano wetu uliopita nilitoa shauri kwamba fungu la kumi la kila mchango litengwe kwa ajili ya wagonjwa, ili tuchangie nauli ya muuguzi, sabuni, shuka na mpira wa kutandika kitandani. Palizuka mabishano marefu, mengine yakirudi, kama ada, kwenye masufuria. Hatimaye katibu akamgeukia mjane wa yule fundi, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akamwuliza: “Bibi, wewe uliyeyapitia haya, tungeanza na nini?” Hakutaja fedha. “Wanangu,” alisema, “mimi nilitaka mtu wa kukaa naye saa tatu mpaka saa tano za asubuhi, nipate kwenda sokoni. Basi. Na ile ya saa nne ampe yeye.”