Wanaokagua Simu na Wakague na Masomo

Juni 2016, Tanzania ilipozima simu bandia, taifa zima lilijifunza kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Hata wazee waliokuwa wakisomewa ujumbe na wajukuu walijua namna ya kuitoa namba ya utambulisho wa simu, na kijana aliyekwenda Kariakoo hakutoa shilingi mpaka aihakiki simu palepale mbele ya muuzaji. Mazoea hayo ni mazuri, na ni ya siku nyingi kuliko simu. Mama anayenunua changu feri hufunua shavu la samaki aone wekundu wake. Anayenunua mchele hutia punje mdomoni kabla ya kuuliza bei. Hawa hawakufundishwa darasani. Wanajua tu kwamba pesa ni yao na tumbo ni lao.

Kinachoudhi ni kwamba kijana yuleyule, akishafika nyumbani na simu aliyoikagua kwa macho manne, humeza chochote kinachotokea kwenye kioo chake. Mwalimu wa baiolojia akitoa kazi ya nyumbani kuhusu mmeng'enyo wa chakula, kesho yake anasahihisha madaftari arobaini yenye jibu moja, aya zilezile, kosa lilelile, na katika baadhi yake hata maneno ya tangazo yamenakiliwa kwa kalamu. Ni nani aliyeliandika jibu hilo? Hakuna ajuaye. Aliliandika lini? Hakuna aliyetazama. Yeye mwenyewe alilitoa wapi? Hilo halikumpitia mtu akilini.

Wala haya si matokeo ya upungufu wa akili. Vijana wa leo ni werevu kupita wazazi wao walivyokuwa katika umri huo. Wanahariri video kwa simu iliyopasuka kioo, wanagawana bando kidogo watu watano na likawatosha, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe mambo ambayo zamani yalihitaji mwaka mzima wa chuo. Mwenye kipaji cha namna hiyo akikubali kulishwa makapi, lawama yake ni kubwa kuliko ya asiye nacho.

Na malezi anayo. Muislamu amefundishwa tangu chuoni kwamba habari ikiletwa na mtu mpotovu ni lazima ihakikishwe kwanza. Mkristo amesikia kanisani jinsi Paulo alivyowahimiza Wathesalonike wapime mambo yote ndipo washike lililo jema. Babu na bibi walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ya dukani inadai daftari, elimu itaachwaje izagae bila kujulikana ilikotoka?

Mfano mmoja uko mdomoni mwa kila mtu. Ipo picha ya ulimi uliokatwa vipande kama shamba la urithi: utamu umepewa ncha, chumvi na ukali vimepewa pembeni, uchungu umesukumwa nyuma. Mjerumani David Hänig, katika utafiti wake wa 1901, aliona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi ladha kati ya sehemu na sehemu. Waliomfuata ndio waliochora mipaka. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huhisi ladha zote. Kuuthibitisha kunahitaji punje moja ya chumvi kwenye ncha ya ulimi, na chumvi iko jikoni. Hata hivyo picha hiyo bado inazunguka mitandaoni, inachapwa steshenari, inauzwa pamoja na madesa mengine, na wanafunzi wanaikariri usiku kucha.

Wataalamu nao waliwahi kuteleza. Mwaka 1923 Mmarekani Theophilus Painter alitangaza kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48, na kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vikaimba 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi huko Lund nchini Sweden, walichapisha hesabu sahihi: 46. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa cha mtu mkubwa na bado kikawa kimepitwa. Anayesoma asitazame jina la mwandishi akaishia hapo. Atazame na mwaka.

Tarehe ndiyo inayowachanganya wengi katika mada ya uainishaji wa viumbe. Ukurasa mmoja unasema falme ni tano, kama alivyopanga Robert Whittaker mwaka 1969. Mwingine unazungumzia domeini tatu, mpango uliotolewa na Carl Woese na wenzake mwaka 1990. Mwanafunzi asiyejua mambo haya hukata tamaa na kudhani mmoja amedanganya, au huchanganya yote mawili katika jibu moja na kukosa alama. Hakuna aliyedanganya. Kila ukurasa una zama zake, na mara nyingi umeandikwa kwa ajili ya mtaala wa nchi nyingine.

Ndiyo maana msako na uanzie nyumbani, kwenye muhtasari wa somo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na humo huelezwa swali kwa swali walipopatia na walipokosea. Hii ni sawa na mpishi mkuu kufungua mlango wa jiko na kuonyesha chungu kilipoungulia. Na bado, vijana wanaipita hazina hiyo na kwenda kumlipa mtu wasiyemjua, kwenye kundi la WhatsApp, anayedai ana mtihani uliovuja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Aliyeushika muhtasari vizuri sasa anaweza kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Marekani, kupitia OpenStax, kinatoa bure vitabu kamili vya baiolojia vilivyoandikwa na kupitiwa na wahadhiri. Vinapakuliwa vyote, pamoja na michoro. Khan Academy ina masomo mafupi ya video na mazoezi yanayomweleza mwanafunzi alipokosea. Anayetaka kusoma utafiti wenyewe anao PubMed, wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Taasisi ya Howard Hughes nayo hutoa filamu fupi za kufundishia, na mojawapo inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja.

Filamu hiyo ni ya Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alikusanya sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo, akaona kwamba chembe ya urithi ya selimundu ilikuwa imeenea pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa adimu nyanda za juu. Akajiuliza ni kwa nini ugonjwa unaoua watoto usitoweke, na kwa nini ufuate ramani ya mbu. Mwaka 1954 alionyesha katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mtoto wa Kisumu au Mombasa anaposoma uteuzi wa asili kwa mifano ya ndege wa visiwa vya mbali tu, ilhali ushahidi uko katika damu ya majirani zake, amenyimwa haki yake na uvivu wa kutafuta.

Wengine watajitetea kwa bando. Bando ni ghali, kweli, na hakuna mzazi asiyelijua hilo. Lakini kitabu hupakuliwa mara moja kikasomwa miaka minne, na simu moja humrushia mwenzake bila senti. Programu ya Kolibri iliundwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti: masomo huwekwa kwenye kompyuta moja, na darasa zima likayasoma. Bando hilohilo linalolalamikiwa halijawahi kupungukia video za kuchekesha.

Wikipedia isidharauliwe wala isiabudiwe. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala zake 42 za sayansi na zile za Britannica, likakuta wastani wa makosa kama manne kwa makala dhidi ya matatu. Mwenye busara huifanya kizingiti: hupita hapo, akateremka kwenye tanbihi, akafuata chanzo. Na programu za akili unde, zinazojibu kila swali bila kukohoa, zina desturi ya kutaja vitabu na tafiti ambazo hazijawahi kuandikwa. Anayepewa rejea na mashine hiyo na aitafute kwanza. Asipoiona, aliache na jibu lenyewe.

Hapa haiwezekani kupita bila kugusa donda jingine. Mtu akitafuta kwa Kiswahili neno ini, figo au kongosho, ni nani anayempokea? Mara nyingi ni muuza unga wa kusafisha ini na kuyeyusha kitambi, anayezungumza Kiswahili kitamu, cha kueleweka, chenye mifano. Hasemi kwamba ini lenyewe ndilo linalosafisha damu, kwani akisema hivyo hatauza. Wanaojua ukweli wako wapi? Penye miti hapana wajenzi. Wahadhiri na madaktari wa Afrika Mashariki huandika Kiingereza kizuri kwa majarida ya ughaibuni, kisha hulalamika kwamba umma haujui sayansi. Istilahi hazikosekani: tangu 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) imo maktabani. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003 na mlango wake haufungwi kwa mtu. Msomi aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima na mvuvi na atoe jioni moja kwa mwezi aandike ukurasa mmoja juu ya figo, kwa lugha ya huyo mkulima. Ni deni hilo, wala haombwi hisani.

Tena wasomi hao wanao mfano mzuri wa kufuata, na uko Rungwe. Mwanzoni mwa 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi mlimani huko walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Hawakuidharau habari hiyo kwa kuwa imetoka kwa wanakijiji, wala hawakukimbilia kuitangaza. Walikwenda msituni mpaka wakamwona kwa macho yao, na mwaka 2005 wakamtambulisha kwa ulimwengu kwa jina la Lophocebus kipunji. Baadaye kipunji aliyenaswa na kufa katika mtego wa mkulima alipimwa vinasaba, ikaonekana ana undugu wa karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Leo mwanafunzi wa Tukuyu akimtafuta mnyama huyo wa kwao atakuta kurasa zenye jina la kwanza na kurasa zenye jina la pili. Kabla ya kuandika lolote daftarini, na atazame tarehe ya kila ukurasa, kisha amuulize babu yake walimjuaje.