Bundi Hana Hekima Munje: Ujanja wa Kutafsiri Nahau za Ujanja

Mtoto wa shule katika kijiji cha Munje, karibu na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, aghalabu huishi katika lugha tatu. Nyumbani husikia Kidigo, ufukweni na madrasani Kiswahili, na darasani Kiingereza. Katika ujirani huohuo, Funzi na Shirazi, husemwa Chichifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia kitabu mwaka 1958. Mtoto huyu afunguapo daftari lake la Kiingereza hukuta orodha ya tashbihi za kukariri: mwenye hekima hufananishwa na bundi, na mwenye hila hufananishwa na mbweha. Huzikariri na kupata alama zake, na hapo hapana ubaya wowote. Tatizo huanza pale orodha hiyo inapovuka mpaka na kuingia katika insha ya Kiswahili bila kubadilika hata unyoya mmoja.

Tumchukue bundi. Katika Ugiriki ya kale alikuwa ndege wa Athena, mungu wa hekima, na heshima hiyo imemfuata hadi katika vitabu vya watoto vya Uingereza. Kwa wakazi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, bundi akilia usiku juu ya paa huleta habari ya msiba, na jina lake hutajwa pamoja na uchawi. Mwanafunzi aandikaye kwamba babu yake ana hekima kama bundi amekusudia kumsifu mzee, kumbe amemtukana. Kila neno katika sentensi yake ni la Kiswahili, na sarufi yake haina kasoro. Kilichokosekana ni maana.

Makala haya hayapingi kukopa. Yanadai jambo moja tu: nahau za ujanja hazitafsiriki bila ujanja, na ujanja huo fanani wa pwani walikuwa nao zamani, kabla taaluma ya tafsiri haijaingia katika vyuo vyetu.

Ushahidi upo. Mwaka 1870 mmishonari Edward Steere alichapisha mjini London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, ambacho ndani yake mna habari za kima na papa. Kima humrushia papa matunda ya mkuyu. Papa humwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari humwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kwamba kwao mioyo huachwa mtini wakati wa safari, na kwa jibu hilo hurejeshwa pwani na kuokoka. Hadithi hii asili yake ni Bara Hindi, katika Panchatantra, ambamo adui wa nyani ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8, mnyama huyo ni kobe wa majini. Ilipofika kwa watu wanaoijua bahari ya chumvi na hatari zake, amekuwa papa. Hila ya nyani ilibaki vilevile. Aliyebadilika ni yule ambaye hadhira ilikuwa na sababu ya kumwogopa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mbweha wa Aesop aliyezikosa zabibu akazisingizia ubichi. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoenea, kiti chake kimekaliwa na sungura, kwa kuwa katika ngano zetu sungura ndiye mhusika mjanja anayejulikana na kila mtoto. Biblia ya Kiswahili ilimhifadhi mbwa-mwitu katika onyo kuhusu manabii wa uongo, lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi humtaja chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Hata Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, alipofika huku alipata jina la Abunuwasi, akawa jirani ambaye werevu wake husimuliwa barazani.

Nahau zenyewe zinathibitisha kwamba kila lugha huazima picha pale watu wake wanapoishi. Mwingereza akitaka kusema kwamba mtu amedanganywa, husema amevutiwa manyoya ya kondoo machoni. Mswahili husema amepigwa changa la macho. Jambo ni moja, yaani kumziba mtu macho asione ukweli, lakini mmoja ametumia sufi na mwingine mchanga. Mtoto wa Munje hahitaji maelezo kujua mchanga ukiingia machoni huwaje. Vivyo hivyo, jambo linapofahamika Mswahili husema limemwelea, kwa umbo lilelile la kitenzi kinachotumika kwa chombo kinachoelea juu ya maji.

Ipo hatari nyingine iliyojificha zaidi. Kiswahili hakipimi akili bila kupima tabia. Ujanja wa nyani huishia jangwani. Werevu mwingi mbele kiza. Kwa hiyo mfasiri anapokutana na neno la Kiingereza la kumsifu mtu kwa wepesi wa akili, hana budi kuchagua: je, huyu ni mwerevu, mjanja, mwenye busara au mwenye hila? Katika mitaa ya Nairobi, kumwita kijana mjanja kunaweza kuwa sifa tupu. Mzee wa Msambweni akiambiwa kwamba kijana anayemposa binti yake ni mjanja, huenda akaomba muda wa kufikiri. Mwalimu anayeandika katika ripoti kwamba mwanafunzi ni mjanja anaweza kumfanya mzazi aulize mtoto ameiba nini.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kimekua kwa kukopa, na kwamba hata akili, hila, hekima na busara ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, maneno hayo yalipita katika vinywa vya watu kwa karne nyingi, yakapata ngeli, yakaingia katika methali na kuzoea hewa ya huku. Aidha, si lazima kila mbweha ageuzwe sungura. Mfasiri wa riwaya inayotendeka Uingereza ana haki ya kumwacha mbweha alipo, kwa sababu msomaji wake amekubali kusafiri. Lakini mtoto anayeandika insha kuhusu babu yake hajasafiri kokote. Yuko kwao, na anastahili maneno ya kwao.

Maneno hayo ni yapi? Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ulipo. Kamusi ya Kidigo iitwayo Mgombato ilitolewa mwaka 2004, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji. Misingi ipo. Lakini kamusi pekee haitoshi kueleza nani anaweza kumwambia nani nahau fulani, na kwa sauti gani. Wanachama wanaporudi makwao wakati wa likizo, wachukue daftari na kuuliza maswali mepesi: huitwaje mtu anayekwepa deni kwa maneno matamu? Mtoto anayejibu kabla hajaulizwa? Mvuvi anayejua samaki walipo akanyamaza? Kila jibu liandikwe pamoja na muktadha wake: ni sifa au kejeli, ni la mkubwa kwa mdogo au la rika kwa rika. Kisha yakusanywe, yalinganishwe na Kiswahili sanifu, na yawekwe mikononi mwa walimu wa shule za msingi, ambao leo hawana pengine pa kuchota isipokuwa orodha ya bundi na mbweha.

Kima alimdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayefasiri nahau akiwa maktabani tu, maneno hayo yana ukweli. Sehemu kubwa ya anachokitafuta imebaki Munje, na hana budi kuirudia.